Mjane na mkwewe walivyosimamisha nyumba ya magogo kabla ya mvua

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, upepo wa Singida umeamka kabla ya watu. Unapita katikati ya mikaratusi, unatikisa matawi na kumwaga umande juu ya kanga ambayo Anastasia Ntandu amejifunga kichwani.

Hajali. Amepiga goti kando ya gogo lililolala chini, panga mkononi, anabandua gome kwa vipande virefu kama mtu anayemenya muhogo. Kila kipande kikitoka, mti unabaki mweupe na unateleza kama sabuni.

Hatua chache kutoka hapo, bibi mwenye umri wa miaka 73 ameketi kwenye kigoda. Mapajani amelaza msumeno mrefu wenye mpini kila upande, anapitisha tupa kwenye meno ya msumeno huo, jino moja baada ya jingine. Huyo ni Severina, mama mzazi wa marehemu mume wa Anastasia.

"Mama, tuanze?" anauliza Anastasia.

"Tuanze, Mama Lucy. Jua likipanda nitakukimbia."

Wanakaa, mmoja upande huu wa gogo na mwingine upande ule. Msumeno unaanza kuimba. Bibi anavuta, mkwe anaachia. Mkwe anavuta, bibi anaachia. Unga wa mbao unamwagikia miguu yao. Baada ya dakika kumi na moja kipande cha gogo kinaanguka kwa kishindo na wote wawili wanacheka.

"Siri yake ni moja," Anastasia anamweleza mwandishi wa makala haya huku akijifuta jasho. "Usisukume. Vuta upande wako, halafu umwachie mwenzako. Ukisukuma, msumeno unajikunja na mnagombana."

Gogo wanalokata ni la jiko. Nyumba yenyewe imeshasimama nyuma yao, kati ya miti na jiwe kubwa linalozidi nyumba kwa kimo. Haina tofali hata moja. Kuta zake ni magogo mazima ya mkaratusi, yamelazwa safu juu ya safu mpaka kumi na moja, na kwenye kila kona magogo hayo yameumana kama vidole vya mikono miwili.

Nyumba hiyo ipo katika kimsitu nje kidogo ya Mungaa, wilayani Ikungi, mkoani Singida. Mtu akitokea barabarani haioni. Huona moshi kwanza.

Anastasia ana umri wa miaka 46. Analima alizeti na uwele, na siku za mnada hupika wali na kuku na kuwauzia wafugaji. Mnada ukiwa mzuri hurudi na faida ya shilingi elfu kumi na tano. Ukiwa mbaya hurudi na masufuria tu.

Hakuwahi kujenga chochote. Anasema hata banda la kuku alijengewa na mumewe.

Mumewe, Laurian, alikuwa mtu wa miti. Walipooana walikwenda Mufindi kutafuta vibarua kwenye mashamba ya misindano. Laurian alikata miti na mkewe akawapikia wakataji. Waliishi huko miaka mitatu, kwenye nyumba ya magogo waliyoirithi kwa wakataji waliowatangulia.

"Kule baridi inauma, lakini ile nyumba ilikuwa na joto kama chini ya bawa la kuku," anakumbuka. "Laurian alikuwa anaizunguka, anaipapasa kwenye kona, ananiambia, angalia hapa walivyochonga, angalia hapa maji yanavyopita. Mimi nilikuwa naitikia tu. Kumbe nilikuwa nasikia."

Waliporudi Mungaa, Laurian alipewa na baba yake kipande cha mteremko ambacho hakuna aliyekitaka kwa sababu ya mawe. Alipanda mikaratusi. Mama yake, Severina, ndiye aliyekuwa akichota maji bondeni na kuimwagilia misimu miwili ya kwanza, maana Laurian na mkewe walikuwa wakihangaika na vibarua mjini.

Miti ikakua kwa miaka kumi na tisa. Laurian alikuwa akisema akizeeka atajenga humo nyumba kama ile ya Mufindi. Kwa wakati huo waliishi kijijini, katika nyumba ya matofali ya udongo yasiyochomwa.

Januari ya mwaka juzi mvua ilinyesha siku nne bila kupumzika.

Siku ya nne, yapata saa tisa alasiri, Anastasia alikuwa kwa jirani akisaga. Laurian alikuwa nyumbani na mama yake. Bibi Severina anasema alisikia ukuta wa nyuma ukilia, sauti kama ya mtu anayekunja magoti ya kizee. Mwanawe aliinuka, akambeba mgongoni, akamtoa nje na kumweka chini ya banda la mbuzi.

"Nikamwambia, kaa hapa. Akasema, Mama, vyeti vya Lucy," anasimulia bibi huyo. "Akarudi. Mtoto wangu alinitoa mimi, kisha akarudi."

Ukuta ulianguka akiwa ndani.

Majirani walipomfukua, walikuta sanduku dogo la bati likiwa chini ya kifua chake. Vyeti vya kidato cha nne vya binti yake wa pekee vilikuwa humo, vikavu.

Lucy sasa ana miaka 21. Anasoma uuguzi mjini Singida na amepanga chumba Utemini. Kwa simu, sauti yake inakuwa ndogo anapolizungumzia jambo hilo.

"Siku ya kuripoti chuoni waliniambia nitoe vyeti halisi. Nikavikumbatia kifuani mpaka yule dada wa mapokezi akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia hapana, nina baridi."

Baada ya mazishi, Anastasia na mkwewe walihifadhiwa katika chumba kimoja kwa Amosi, kaka mkubwa wa Laurian. Walikaa humo mwaka mzima na zaidi. Amosi hakuwafukuza, wala hakuwanyima chakula. Lakini Mei mwaka jana alikuja mfanyabiashara wa nguzo, akaizungukia ile mikaratusi na kutoa bei: shilingi milioni mbili na laki sita kwa miti yote.

Amosi aliitisha kikao cha ukoo uani kwake. Hoja yake ilikuwa fupi. Ardhi ni ya ukoo, aliyepanda amefariki, bei ni nzuri. Miti iuzwe, fedha zigawanywe, na shemeji yake apate sehemu ya kuanzia maisha, hata kama ni kurudi kwao.

Anastasia alikuwa ameketi kwenye mkeka pamoja na wanawake. Anasema hakuwa amepanga kusema kitu.

"Nikajikuta nimesimama. Nikasema, shikamooni wazee. Hiyo miti ni nyumba ya Laurian. Haijasimama tu. Nipeni nafasi niisimamishe."

Kulitokea kicheko. Mmoja wa wajomba alimuuliza fundi wake ni nani. Akajibu hana fundi, atajenga mwenyewe. Kicheko kikaongezeka.

Ndipo Bibi Severina aliponyanyuka. Alizungumza kwa Kinyaturu, na waliokuwepo wanasema hakupandisha sauti. Aliwauliza ni nani kati yao aliyewahi kupeleka hata ndoo moja ya maji kwenye miti ile. Akasema, basi na yeye anajenga.

Wazee walikubaliana, lakini kwa sharti. Anastasia alipewa kiangazi kimoja. Mvua ya kwanza ya kupandia ikikuta nyumba haijaezekwa, miti iliyosalia itauzwa pamoja na magogo atakayokuwa ameyakata, na hatasema neno.

Ilikuwa mwisho wa Mei. Alikuwa na miezi sita.

Kitu cha kwanza alichohitaji ni msumeno. Msumeno wa petroli hakuuweza, kuununua wala kuukodi. Alipanda basi asubuhi hadi Singida Mjini na kuzunguka maduka ya vifaa vya ujenzi, akiulizia ule wa zamani wa kuvutwa na watu wawili. Wauzaji vijana hawakuujua hata kwa jina.

Katika duka la nne aliuona. Ulikuwa umetundikwa ukutani juu ya makopo ya rangi, umeshika kutu. Nitin, kijana anayeendesha duka hilo, alimwambia hauuzwi, ni kumbukumbu ya babu yake.

Mama yake, Kokila, alikuwa ameketi kwenye kaunta akikunja risiti. Alimuuliza Anastasia anaupeleka wapi. Anastasia akamweleza yote, ukuta, sanduku na kikao.

"Nilimwambia Nitin, shusha," anasema Kokila, ambaye amezaliwa na kukulia Singida. "Babu yako hakununua msumeno wa kuangalia. Mpe mama akafanye kazi." Alimtoza shilingi elfu ishirini na kumpa tupa bure, kwa masharti kwamba nyumba ikiisha aletewe picha.

Picha hiyo sasa imetundikwa kwenye msumari uleule.

Wiki mbili za kwanza, Anastasia anakiri, zilikuwa za aibu. Mti wa kwanza uliangukia upande wasioutarajia na kunasa kwenye mti mwingine. Ulikaa hapo juu siku tatu ukiwatisha, mpaka upepo ulipoushusha wenyewe. Mikono ilitoka malengelenge, yakapasuka, yakatoka mengine. Bibi Severina alikuwa akiyapaka mafuta ya nyonyo jioni, yake na ya mkwewe.

Walipata mwendo wao mwishoni mwa Juni. Kwa siku waliweza kuangusha miti miwili, kuibandua magome na kuikata kwa urefu wa hatua nane. Jirani aliwaazima ng'ombe wawili wa plau kwa kuvutia magogo hadi kiwanjani. Anastasia alimlipa kwa kumpalilia vitunguu.

Msingi aliujenga kwa mawe, ambayo mahali pale hayatafutwi. Aliyapanga mpaka kimo cha goti ili mchwa wasifike kwenye mbao kirahisi. Magogo ya chini aliyapaka oili chafu aliyokuwa akikusanya kwa mafundi pikipiki. Usawa aliupima kwa mpira wa maji, kama alivyoona waashi wakifanya.

Kazi ngumu ilikuwa kona. Ili gogo lililo juu likae juu ya lililo chini bila kuviringika, lazima lichongwe pengo karibu na ncha, mviringo kama nusu bakuli, liweze kumkumbatia mwenzake. Pengo likiwa dogo, gogo linaning'inia. Likiwa kubwa, linacheza.

"Niliharibu magogo manne," anasema. "La tano nikafumba macho, nikajaribu kukumbuka ile kona ya Mufindi aliyokuwa ananionyesha. Pengo lilikuwa limeangalia chini, si juu. Mimi nilikuwa nachonga juu, maji yangekaa mle na kuozesha. Nilikaa chini nikalia, kisha nikachukua tezo nikachonga upya."

Kuyapandisha magogo, walilaza miti miwili mirefu kuegemea ukuta kama ngazi, wakalivingirisha gogo juu yake kwa kamba. Jumamosi wanawake wa jumuiya yao ya kanisa walikuja kuvuta. Walikuja wanane, siku nyingine kumi na wawili, na sufuria ya makande.

Wanaume wachache walipita, wakasimama, wakatoa ushauri, wakaenda.

Mwanzoni mwa Septemba kuta zilikuwa zimefikia safu ya saba. Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Ilikuwa Jumatano, siku ambayo wanawake wa jumuiya hawakuwepo. Anastasia aliona muda unakimbia, akaamua gogo moja fupi la upande wa mlango walipandishe wawili. Likiwa katikati ya ngazi, kamba ya upande wake ilikatika. Gogo lilirudi nyuma, likamgonga, likalala juu ya mguu wake wa kushoto.

Bibi Severina alikuwa upande wa pili. Hakupiga kelele, kwa kuwa, anasema, hakukuwa na mtu wa kumsikia. Alichukua nguzo, akaichomeka chini ya gogo, akaweka jiwe la kuegemea, akaikalia nguzo kwa uzito wake wote.

"Uzito gani?" anajicheka. "Mimi ni kama debe tupu. Lakini liliinuka kidogo. Nikamwambia, toka! Akajivuta."

Mfupa wa mguu ulikuwa umevunjika juu ya kifundo. Hospitalini alifungwa plasta ngumu na kuambiwa asikanyage kwa wiki sita.

Lucy alikuja kutoka mjini usiku uleule. Alimwambia mama yake waache, wauze miti, wapange chumba. Walizozana, jambo ambalo wote wawili wanasema halikuwa kawaida yao.

"Nilimwambia, nimeshampoteza baba kwa nyumba, sitaki kukupoteza na wewe kwa nyumba," anasema Lucy. "Asubuhi mama akaniambia, mwanangu, nimefikiri umesema kweli. Nikafurahi. Nikarudi chuoni nikijua imekwisha."

Na kwa Anastasia ilikuwa imekwisha. Alilala kwenye kile chumba kwa Amosi, mguu juu ya mto, akihesabu wiki na kuona hazitoshi. Alikuwa ameanza kujizoesha maneno atakayoyasema kwenye kikao.

Asichokijua ni kwamba kila asubuhi, mkwewe aliyekuwa akiaga kwamba anakwenda kuokota kuni, alikuwa anakwenda kiwanjani.

Amosi ndiye aliyemgundua. Ana umri wa miaka 55, ni mkulima wa vitunguu, mtu wa maneno machache. Anasema alikuwa anamtafuta mbuzi aliyekata kamba. Alipofika karibu na lile jiwe kubwa alisikia sauti ya msumeno, lakini sauti yenyewe haikuwa sawa. Ilikuwa inavuta, inakwama, inavuta, inakwama.

Alimkuta mama yake ameketi peke yake kwenye gogo. Alikuwa akivuta mpini mmoja, kisha anainuka, anazunguka gogo, anakaa upande wa pili, anavuta mpini mwingine. Kisha anainuka tena.

"Nilisimama pale nikamwangalia akizunguka mara tatu," anasema Amosi. Anatazama pembeni. "Nikamwambia, Mama, utakufa. Akaniambia, basi kaa huko uvute."

Akakaa, akavuta.

Alipoulizwa iwapo siku hiyo ndiyo alibadili mawazo kuhusu nyumba, Amosi alitikisa kichwa.

"Sikuwa naisaidia nyumba. Nilikuwa namsaidia mama. Hata leo nasema ile miti ingeuzwa. Bei ile haijarudi tena."

Lakini kesho yake alikwenda tena. Na keshokutwa alikwenda na maksai wake na jirani yake mmoja. Jioni ya siku ya nne, Bibi Severina aliingia chumbani kwa Anastasia, akavua kanga yake iliyojaa unga wa mbao, akaikung'uta juu ya kitanda cha mgonjwa.

"Nilishtuka. Nikauliza, Mama, hii imetoka wapi? Akasema, kaka wa mumeo hajui kuchonga. Inuka ukamfundishe."

Kuanzia siku iliyofuata, Anastasia alipelekwa kiwanjani kwa mkokoteni wa punda. Aliketi kwenye kiti cha plastiki, mguu wenye plasta juu ya kigogo, fimbo mkononi. Alimwelekeza shemeji yake pengo kwa pengo.

Haikuwa rahisi kwa yeyote. Amosi hajazoea kuamrishwa na mwanamke, na Anastasia hana subira na kazi mbovu. Mara mbili Amosi aliitupa tezo na kuondoka. Mara mbili alirudi, mara ya pili akiwa na tupa mpya aliyoinunua mwenyewe.

"Shemeji alinifanya nichonge pengo moja mara tatu," analalamika mpaka leo. "Mara tatu! Nikamwambia, hii si sanamu. Akasema, shemeji, mama yako atalala chini yake."

Safu ya kumi na moja ilifungwa Novemba 19. Plasta ilikuwa imetolewa, na Anastasia alikuwa akitembelea mkongojo. Mabati waliyachukua kwenye kifusi cha nyumba ya zamani. Yalikuwa yamejikunja, wakayanyoosha juu ya jiwe kwa nyundo ya mti. Matundu ya zamani waliyaziba kwa lami. Nyufa kati ya magogo walizijaza udongo uliochanganywa na samadi na nyasi, kazi iliyofanywa na wanawake wa jumuiya kwa siku mbili huku wakiimba.

Bati la mwisho lilipigwa msumari Novemba 29. Wazee wa ukoo walikuja siku iliyofuata. Waliizunguka nyumba. Yule mjomba aliyekuwa ameuliza juu ya fundi aliupiga ukuta teke, mara moja, kisha ya pili kwa nguvu zaidi. Akashika vidole vyake vya mguu, akasema imekaa vizuri.

Mvua ya kwanza ilinyesha Desemba 2, saa nane mchana.

Anastasia anasema alikuwa ameiota siku hiyo kwa miezi. Alidhani watakaa ndani, watasikiliza bati, watafurahi. Lakini matone ya kwanza yalipodondoka, Bibi Severina aliinuka kwenye mkeka na kutoka nje. Akasimama chini ya miti, mikono kifuani, mvua ikimpiga kichwani.

"Nikamwita, Mama, utalowa. Hakugeuka. Nikaelewa," anasema Anastasia. "Tangu Laurian afe, mvua ikinyesha kwa Amosi alikuwa anatoka hivyohivyo, anakwenda kwenye banda la mbuzi. Sisi tulidhani anawaangalia mbuzi."

Hakumvuta, wala hakumbembeleza. Alichukua mkongojo wake, akatoka, akasimama naye. Walilowa wote. Mvua ilikuwa kubwa, na kutoka pale walipokuwa waliiona nyumba nzima. Maji yalitiririka kwenye bati, yakapita kwenye kona na kuteremka kwenye mawe. Hakuna kilichosogea.

Bibi Severina anasema alikuwa anasikiliza.

"Nilikuwa nangoja ile sauti. Ukuta wa udongo ukitaka kuanguka unalia kwanza. Nikangoja. Nikasikia mvua tu. Nikamwambia Mama Lucy, mguu wako huo, twende ndani."

Waliingia, wakabadilisha nguo, wakawasha jiko la mkaa karibu na mlango. Bibi alijilaza kwenye mkeka. Alilala mpaka magharibi, mvua ikiendelea kunyesha juu yake.

Lucy alifika Krismasi. Anasema aliingia, akagusa ukuta, akaomba radhi. Mama yake akamwambia asiombe radhi kwa kumpenda mzazi wake, ampe mkono wakatandike mahali pa kulala.

Siyo kila kitu kimekaa sawa. Magogo mawili ya upande wa magharibi yamepasuka kwa jua, na kila baada ya wiki kadhaa nyufa zinahitaji udongo mpya. Mguu wa Anastasia unauma asubuhi na siku za baridi, na daktari amemwambia asibebe mizigo mizito, agizo ambalo analitii Jumapili tu. Umeme haujafika, na maji bado yanachotwa bondeni.

Kuna wanaomcheka pia. Baadhi ya vijana huita mahali pale "kwenye mzinga", kwa sababu nyumba inafanana na mzinga wa nyuki. Anastasia hakasiriki. Anasema nyuki hawajengi ovyo.

Lakini kuna waliokuja kuangalia na hawakucheka. Kikundi cha wafuga nyuki kutoka kijiji cha jirani kimemwomba awajengee stoo ya asali ya namna hiyo kwenye msitu wao, na kimeahidi kuleta vijana wa kuvuta magogo. Atalipwa shilingi laki nne na ndoo mbili za asali. Hajawahi kushika fedha nyingi hivyo kwa kazi moja.

Na kuna mama mmoja wa jumuiya yao ambaye ukuta wake umepasuka kutoka juu mpaka chini, ameuegemeza kwa nguzo. Huyo Anastasia hatamtoza chochote. Anataka kuanza mara tu alizeti zikivunwa, ili amalize kabla mawingu hayajarudi.

Miti ndiyo itakayosumbua. Ameshaotesha miche mia nne kwenye mifuko ya maziwa na viroba, nyuma ya jiko analolijenga. Juzi Amosi alikuja kuomba miche hamsini. Alipoulizwa ya nini, alisema ikikua ataiuza nguzo. Anastasia alimhesabia hamsini na mitano.

Kwa sasa, kitu kinachomshughulisha ni karatasi moja. Kikundi cha wafuga nyuki kinahitaji barua ya utambulisho kutoka ofisi ya kijiji, na jina lake lazima liandikwe pamoja na kazi yake. Katika karatasi zote alizowahi kujaza maishani, aliandikiwa mkulima, au mama wa nyumbani. Tangu mwaka juzi, wakaanza kumwandikia mjane.

Jumatatu ataamka mapema, atavaa gauni lake la kanisani na kwenda huko kwa miguu.

"Nitamwambia mtendaji, andika fundi," anasema, akiupangusa msumeno kwa kitambaa chenye mafuta. "Najua ataandika fundi cherehani. Nitasimama palepale mpaka afute."